Sahani Mbili za Makalio ya Farasi

Mkiniuliza farasi ana kitu gani cha maana kuliko vyote, najua nyinyi mtataja miguu, kwa sababu mmeona mbio zake kwenye televisheni. Mimi nitawaambia makalio. Msicheke. Nimefanya kazi ya ngozi hapa Kitengela miaka ishirini na ushei, nimeshika ngozi ya ng'ombe, ya mbuzi, ya kondoo, hata ya punda, na bado nasema Mungu alipofika pale nyuma ya farasi hakuwa na haraka.

Pale kuna sehemu mbili, moja kulia na moja kushoto, kila moja mviringo kama sahani ya chakula. Sisi tuliziita hivyo hivyo, sahani. Kwa nje huzioni. Zimejificha ndani ya ngozi, upande wa nyama, na inabidi uzitafute kwa kuparua polepole mpaka kisu kianze kuteleza kama kimefika kwenye kioo. Ngozi nyingine ukiipinda inafanya mkunjo. Sahani haina mkunjo. Unaipinda, inabonyea, inarudi. Ndiyo sababu sijaona kitu kinachokinga mkono wa mpiga upinde kama hicho. Ile kamba ya upinde ikiachiliwa inapita juu yake bila kukwama. Ngozi ya ng'ombe nayo ikishakunywa jasho la mwezi mmoja inakunjamana, na kamba ikikutana na mkunjo, mwenye mkono atakuambia.

Mnakuja kwangu Jumamosi, nyinyi wa chuo cha ufundi, na swali lenu kwa bibi yenu ni lile lile: "Shosho, tupe siri ya kazi." Siri sina. Nina makosa, na ninayo mengi. Leo nitawapa lile la fisi, maana ndilo lililonifanya fundi.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Kilonzo, Mkamba mwenzangu, mtu mfupi mwenye masikio makubwa. Ujana wake wote alikuwa mtunza farasi kwenye mazizi ya upande wa Ngong, na huko alijifunza kushona matandiko. Alipozeeka akajenga banda la mabati hapa Kitengela, wakati ambapo ukienda chooni unapishana na punda milia. Mimi nilikuwa nimechoka kuchuma maua kwenye shamba la watu, nikaenda kumwomba kibarua cha wiki mbili. Niliondoka pale baada ya miaka kumi na minne, na niliondoka kwa sababu yeye ndiye aliyetangulia.

Farasi akifa kule kwenye mazizi, walikuwa wanamchimbia shimo. Wenzake wa zamani walimtumia Mzee habari kabla ya shimo kufunikwa, nasi tukapanda pikapu ya jirani, tukapita Kiserian na Matasia, tukafika na magunia ya chumvi ya mawe. Ngozi ya farasi haikungoji umalize chai. Ukichelewa nusu siku, vuta nywele kidogo pale tumboni. Zikitoka mkononi, rudi nyumbani, hiyo imeshaoza.

Mara ya kwanza aliniachia nichague mwenyewe. Kulikuwa na farasi wawili waliokufa kwa ugonjwa mmoja. Mmoja alikuwa jike kijana, mweusi, anang'aa kama kiatu cha askari. Mwingine alikuwa kizee cha kijivu chenye makovu ya tandiko mgongoni. Mimi moja kwa moja nikaenda kwa yule mweusi, nikampapasa.

"Wewe Nduku," Mzee akasema, "unachagua ngozi ama unachagua bwana?"

"Si huyu ndiye mzuri?"

"Mzuri wa macho. Huyo bado mtoto, hapo nyuma iko laini kama chapati. Njoo kwa huyu mzee. Huyu amepanda mlima, amebeba watu wanono. Yeye ndiye ako na sahani."

Tangu siku hiyo sijadanganywa na rangi. Tafuteni mnyama aliyefanya kazi. Angalieni kama mchunaji alitia kisu vibaya pale nyuma, maana tundu moja dogo linaua sahani nzima. Makovu ya mgongoni msiyajali. Na nywele zikishatolewa kwa chokaa, inueni ngozi mbele ya jua, mtaona vivuli viwili vimekaa kama mapacha. Visipoonekana, tengenezeni mishipi.

Hasara ya kazi hii ilikuwa upande wa kanisa. Watu waliniona nikishuka na magunia yanayovuja maji mekundu, wakajua ni farasi, na kila tulipokuwa na ushirika wa akina mama, sufuria yangu ya nyama ilirudi nyumbani ilivyokwenda. Waliniuliza tu kwa upole, "Na hii ng'ombe ulinunua kwa nani, dada?" Nikaanza kupeleka maharagwe na amani ikarudi.

Dawa ya kuivisha ngozi tuliipata kwenye magome. Ya muwati yalikuwa yanaletwa kwa gunia, lakini Mzee alipenda kuchanganya na ya olkiloriti, ule mti wa miiba ambao Wamasai huchemsha magome yake na supu. Aliyetuletea alikuwa jirani yetu, Mama Naserian. Alikuwa anafika asubuhi, ananisalimu "Takwenya," namjibu "Iko," halafu anaenda kwenye pipa, anachovya kidole na kulamba. Kabla ngozi haijaingia, jamani, msitapike. Kama maji yale yanaukamata ulimi na kuukunja, yameiva. Kama ulimi uko huru, ongeza magome. Siku hizi kuna watu wanapima kwa mitambo, na sawa, mitambo ni mizuri. Ila ulimi hauhitaji stima.

Sasa fisi.

Kulikuwa na wazee sita wa kwetu Ukambani, wengine wakiishi hapa Kitengela, wengine Kisaju, waliokutana kila Jumapili jioni kupiga upinde. Walialikwa harambee za makanisa, wanalenga kibuyu, watu wanashangilia. Kiongozi wao alikuwa Mzee Muia. Yule mtu alikuwa anatoboa kibuyu huku anaongea na wewe. Lakini ngozi yake mwenyewe ilikuwa imechoka. Uzee umeifanya nyembamba kama karatasi ya maandazi, na kila akiachilia mshale, kamba inamchapa mkono wa kushoto na damu inatoka. Alivaa kinga ya ngozi ya ng'ombe, ikakunjamana, kamba ikakwama kwenye mkunjo na kumchana vibaya. Daktari wa dispensari akamfunga bendeji na kumwambia kidonda kingine mahali pale hakitapona upesi.

Alikuja bandani mwetu na mkono umefungwa. Wenyeji wa Kajiado walikuwa wamewaalika kwenye siku ya utamaduni, wazee sita dhidi ya wazee sita.

"Kilonzo," akasema, "mimi nikipiga na hii mkono hivi, itakuwa mwisho. Nisipopiga, pia ni mwisho. Nitengenezee kitu. Na hawa wenzangu pia, hakuna mwenye ngozi ya kijana."

Mzee Kilonzo alikubali, kisha akanigeukia na kusema kazi hiyo ni yangu, mwanzo hadi mwisho. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Nilifurahi mpaka nikashindwa kula. Nilichagua farasi, nikachuna, nikaivisha sahani miezi saba, nikaparua kwa kipande cha kioo cha chupa, nikakata kinga sita, nikasugua kila moja kwa mfupa wa mguu wa ng'ombe mpaka nikaona meno yangu ndani yake. Zikabaki siku tisa tu za kwenda Kajiado, na kitu kimoja cha mwisho: mafuta.

Mzee alikuwa ananifundisha mafuta ya ng'ombe yaliyochanganywa na nta ya nyuki, kidogo kidogo, ndani ya banda. Lakini alikuwa amekwenda mazishini Machakos, na mimi nikajiona mjuaji. Nikamwomba Mama Naserian mafuta ya mkia wa kondoo. Alikuja nayo kwenye kibuyu, yananukia moshi mzuri.

"Unapaka ngozi?" akauliza. "Hata sisi tunapaka. Lakini ngozi yenye hii mafuta inalala ndani na watu. Usiache nje hata kidogo."

"Jua litayaingiza vizuri, Mama."

"Sikusema jua," akanijibu. "Nimesema nje."

Nilizipaka zote sita na kuzitundika kwenye waya wa ua, zikawa zinang'aa na kunukia kama karamu. Jioni likanijia wazo la kuziingiza, likapita. Asubuhi nilikuta kamba za kufungia tu, mate mengi, na nyayo za fisi zimezunguka banda. Nilihesabu kamba mara tatu kama mwendawazimu. Moja walikuwa wameirudisha, imetafunwa nusu, labda haikuwa na chumvi ya kutosha.

Nawaambia ukweli, nilikaa chini mavumbini nikalia. Mama Naserian akaja, akaangalia waya, akaniangalia. Hakunisuta. Alisema, "Fisi wa leo amekula vizuri kuliko mchungaji," na nilicheka huku nalia, na bado sijui kati ya hivyo viwili nilikuwa nafanya kipi zaidi.

Mzee Kilonzo alirudi kesho yake. Nilimweleza yote, hata lile la kuonywa. Aliinama chini ya meza na kuvuta debe la mafuta ya kupikia.

Lile debe nalijua. Ndani yake kulikuwa na sahani mbili za farasi aliyeitwa Sukari, ambaye Mzee alimtunza miaka kumi na moja na kumchuna mwenyewe akitokwa machozi. Zilikuwa zimeshaiva kabisa, zimebaki kukatwa. Kila mwisho wa mwezi alifungua debe, akaipaka mafuta ile ya juu, akaitazama na kufunga. Alikuja mtu mkubwa akitaka mshipi, Mzee akasema hapana. Alikuja mchungaji akitaka jalada la Biblia, akasema hapana. Nilimwuliza ni za nini. "Za kitu ya maana," alinijibu. Hiyo ilikuwa miaka sita ya kutafuta kitu cha maana.

Sasa akatoa ya kwanza. Ilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, nzito, nzuri mno, hata niliogopa kuishika. Akaingiza mkono kutoa ya pili. Haikutoka. Kitambaa alichotandika chini ya debe kilikuwa kimeoza, na sahani ilikuwa imelalia kutu miaka yote hiyo. Ngozi ya magome na chuma ni maadui. Chukueni chai ya rangi, tieni msumari wenye kutu, rudini baada ya chakula cha mchana muone ilivyogeuka nyeusi. Mzee alilijua hilo kabla mimi sijazaliwa. Ila kwa miaka sita alikuwa anapaka ya juu na kuogopa kuigusa ya chini.

Alipoibandua ilikuwa nyeusi tititi. Akaipinda kidogo tu, ikakatika kama biskuti.

Akakaa kwenye kigoda. Masikio yake yote mawili yalikuwa yameshuka. "Nimengojea," akasema, "mpaka Sukari amekufa mara ya pili."

Nilitaka kumshika bega, lakini yeye ndiye aliyeinuka na kunipa kisu.

"Kata hii imebaki."

"Mzee, mkono wangu unatetemeka."

"Hata wangu. Wako utaacha."

Kisha akageuka, akatazama ukuta wa mabati, akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa Kikamba, kwa sauti kubwa, akiwa amenipa mgongo. Nilielewa kwamba hakuweza kutazama, na kwamba hata nikiharibu, hatanigeukia katikati. Nilikata wakati wa ubeti wa kwanza. Wa pili nikakata tena. Kufika mwisho wa wimbo nilikuwa na kinga tatu, safi, na vipande vya pembeni vya kutengeneza vifuko viwili vya kukinga vidole wakati wa kuvuta kamba. Jasho lilikuwa limenishuka mpaka ndani ya viatu.

Alizishika moja moja, akazinusa. "Tatu," akasema. "Na wazee ni sita. Basi watavuliana."

Ndivyo tulivyokwenda Kajiado. Wale wenyeji walijipanga sita na kupiga sita. Wetu walijipanga sita, wakapiga watatu, halafu mimi nikakimbia katikati na kufungua kamba za kinga kwenye mikono mitatu na kuzifunga kwenye mikono mingine mitatu, nikiwa nimepandisha sketi mpaka magotini, na uwanja mzima unapiga mbinja. Mzee mmoja wetu alikuwa na mkono mwembamba kama mwiko, kinga ikamzunguka mara mbili, nikaijaza leso yangu. Msimamizi akalalamika kwamba tunachelewesha. Mzee wa Kimasai wa upande wa pili akamwambia, "Wacha mama afunge. Wewe ungefunga haraka hivyo?"

Muia alipiga wa mwisho. Nilimfunga mimi, kamba mbili chini, moja juu, nikaona lile kovu lake jeupe likiingia chini ya ngozi ya Sukari. Akavuta. Kamba ikapita juu ya sahani na mlio mmoja mfupi, na kibuyu kikaruka vipande viwili.

Hakuangalia kibuyu. Alikuja moja kwa moja kwangu, akafungua kinga kwa meno kwa sababu alishindwa kungoja, akanigeuzia mkono.

"Nduku, ona. Kavu."

Ulikuwa mkavu. Hakuna hata mstari mwekundu. Nililia tena, mara ya pili mwezi huo, na safari hii najua ilikuwa furaha.

Mzee Kilonzo alikuwa amesimama nyuma yetu kati ya watu wale wote wanaoshangilia. Aliichukua kinga, akaipangusa jasho kwa shati lake. "Sukari alikuwa anapenda sana kelele ya watu," akasema.

Tulishindwa kwa pointi chache. Tulipewa zawadi ya pili, kondoo mwenye mkia mkubwa, na Mama Naserian alipouona ule mkia alicheka mpaka akashika mti. Mafuta yake niliyatumia mwaka mzima. Yalilala ndani, na watu.

Muia alipiga upinde miaka mingine mitano, akaacha kwa sababu ya macho, si mkono. Mzee Kilonzo aliniachia meza, mfupa, kisu, na ile sahani nyeusi iliyokatika. Aliipigilia msumari ukutani mwenyewe. Nilipomkumbusha habari ya chuma na magome akasema hiyo imeshajua yote.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nataka kufika. Miaka ile viwanja vilipoanza kuuzwa na mazizi yakaanza kufungwa, nilipata ngozi ya farasi kizee, bora kuliko zote nilizowahi kushika. Nikatoa sahani mbili. Wakaja wenye pinde kutoka Kisaju, nikawapa za farasi wengine. Akaja mtu kutoka ng'ambo, nikamwambia sina. Nilimcheka Mzee Kilonzo kwa miaka yake sita, na zangu ziko chini ya kitanda tangu kabla baadhi yenu hamjaanza shule. Nimeziweka kwenye ndoo ya plastiki, sikukosa akili kabisa. Lakini nimekuwa nikipaka ya juu tu.

Juzi nilijikaza nikainua ya juu na kuitazama ya chini. Ni nzima. Zote mbili ni nzima, nilizipinda zikabonyea na kurudi, na nilikaa pale kitandani nikijisikia mjinga mwenye bahati.

Kwa hiyo Jumamosi ijayo msije na madaftari. Kisu nimekinoa. Anayeogopa kidogo ndiye ninayemtaka. Nitamwekea sahani mezani, kisha nitageuka nitazame ukuta na kuanza wimbo, na wimbo wenyewe una beti nne, basi asichelewe.